Kamba ya Farasi wa Paji Jeupe

Japani, 8 Juni

Wifi yangu Burul,

Salamu zikufikie huko malishoni, wewe na Kaka na mifugo, na kabla ya wote zimfikie Mama. Mimi na Nurzat tumefika salama. Nurzat alitapika ndegeni, na ameniapisha nisimwambie mtu. Basi nakuambia wewe tu, na Mwalimu Zuura atakayeipokea barua hii kwa simu na kuichapa kijijini, na Ermek wa lori la maziwa atakayeipandisha mlimani, ambaye najua huzisoma njiani. Ermek, salamu na wewe.

Chuo kimetuleta kwenye nyumba ya wazee, katika mji mdogo wa mvua. Kwa wiki sita tutajifunza kuwaogesha wasioweza kusimama, kuwalisha wasioweza kutafuna, kuwageuza kitandani wasipate vidonda. Msimamizi wetu ni Bi Tachikawa, mwanamke mfupi anayetembea kama anafukuza kuku. Anazungumza polepole kwa ajili yetu. Nusu tunaelewa, nusu tunaitikia tu.

Jana aliniuliza kama nina mama. Nikasema ninaye, amekaribia miaka themanini. Akanitazama, akapiga hesabu kichwani, akafunika mdomo kwa mkono. Ikabidi nimweleze kwamba kwetu mtoto wa kwanza hupewa wazazi wa mume akawa mtoto wao. Kwamba nilihamia upande wa pili wa hema kabla sijaota meno, kwa hiyo bibi yangu ndiye Mama, baba yangu namwita Kaka, na wewe uliyenizaa ndiye wifi yangu. Akauliza, "Na huyo wifi hakulia?" Sijawahi kukuuliza, na leo pia sikuulizi.

Sasa neno langu. Kikohozi cha Mama hakikunipendeza siku ninaondoka. Alinisukuma kwa fimbo yake hadi kwenye gari, "Nenda huko, nimechoka kukuangalia."

Unamkumbuka mtoto wa Ami Jumabek. Alikuwa Urusi akibeba matofali, baba yake akafa, akazikwa, na hakuna aliyemwambia, maana ndiyo desturi yetu. Akarudi baada ya miezi na saa ya mkononi aliyomnunulia baba yake, akimwita kwa utani toka barabarani. Mimi nilikuwa nimesimama langoni, Wifi. Niliuona ule uso. Ndiyo maana nilikuomba uweke mkono juu ya mkate uniapie kwamba Mama akipatwa na lolote utaniambia bila kunizungusha. Uliapa. Sikukumbushi kwa kukudharau, nakukumbusha kwa sababu niko mbali.

Mwambie Mama huku wanakula samaki mbichi.

Wako,
Kanyshai


Malishoni, 15 Juni

Kishungi,

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha. Barua yako imenikuta nakamua farasi, nikaifunga kwenye kitambaa cha kichwa hadi nilipomaliza. Nimemsomea Mama mara mbili, ya pili kwa sababu kwenye ya kwanza alisinzia, akakataa kwamba alisinzia. Kuhusu samaki mbichi amesema, "Hata paka wetu anajua kusubiri sufuria." Kuhusu Nurzat amesema, "Watu wa Talas hata kwa punda wanatapika." Nimeandika kama alivyosema, usiniletee kesi.

Mimi shule yangu iliishia darasa la nane, utanisamehe mistari ikipanda na kushuka kama njia ya mbuzi katika picha atakayokutumia Zuura. Na utanisamehe kukuita Kishungi mpaka huko ugenini. Niliolewa kwenye nyumba hii nikafundishwa kwamba mke hayataji majina ya watu wa mumewe, na wewe ulipohesabiwa mdogo wake mume wangu nikakupa jina la kile kishungi cha nywele ulichozaliwa nacho. Ulimi umezoea.

Mama anakohoa. Naandika, maana niliapa. Amenikataza. "Mwambie nimenenepa," anasema. Hajanenepa. Asubuhi anakunywa kumisi kidogo, hayo maziwa ya farasi yaliyochachuka, anaswali ameketi, na jua likiwa juu anachukua fimbo kwenda kumtazama yule farasi jike tasa wa paji jeupe. Utani wake unaujua. Jana alimwambia Kaka yako, "Mfunge penye majani mazuri. Huyo ni wa kuchinjwa siku yangu. Sitaki watu waje kunizika wakute mifupa, waende wakisema bibi kizee alikuwa mchoyo." Kaka yako akatupa hatamu chini akaenda zake mtoni. Mama akanigeukia mimi, "Mumeo anadhani nitaishi kwa sababu yeye hapendi kusikia."

Farasi mwenyewe kanona. Anafungwa na ile kamba nyekundu aliyoisuka Mama kwa mikono yake, na ole wako umfunge nayo mnyama mwingine. Juzi niliigusa tu nikitaka kuufungia mtungi, nikasemwa mpaka maghribi.

Na huyo Bi wako mwambie swali lake nimelisikia. Nitalijibu siku moja, si kwenye karatasi inayopita mikononi mwa Ermek.

Swali sala zako, hata kama mvua inakuficha jua. Usile chakula bila kujua kimepikwa na nini.

Wifi yako,
Burul


Japani, 21 Juni

Wifi,

Nimecheka kuhusu paka mpaka Nurzat akaja kuuliza. Kuhusu watu wa Talas sikumsomea.

Nimepewa mzee wa kumhudumia, Bibi Onodera. Hazungumzi. Asubuhi namwosha uso, namchana nywele, namvalisha soksi. Nywele zake ni nyepesi kama sufu iliyochambuliwa. Ninapomchana hufumba macho na kuinamisha kichwa upande, vilevile kama Mama anapofungwa kitambaa. Siku ya kwanza nilitoka nje nikajifanya natafuta taulo.

Nina aibu kukuambia jambo moja, lakini wewe ndiye ninayekuambia. Ninapomlisha mgeni huyu kijiko kwa kijiko najiuliza Mama analishwa na nani. Najua ni wewe. Najua unamfanyia vizuri kuliko mimi. Lakini moyo unasema mikono ilipaswa kuwa yangu. Mama hana binti mwingine. Wanawe wawili wote wanaume, na wanaume wanajua kuleta kuni tu.

Naomba kitu kimoja. Ermek akipanda na lori amrekodi Mama kwa simu yake. Hata akinitukana. Hasa akinitukana. Nataka kumsikia.

Wako,
Kanyshai


Kijijini, 26 Juni

Mwalimu Zuura,

Namtuma jirani akuletee hii mkononi, maana sina nguvu ya kupita barabarani na watu wote hawa.

Unajua tayari. Jana tulimteremsha Mama toka malishoni, leo amezikwa, Innalillahi. Asante kwa mikate uliyoleta na kwa kukaa na wanawake hemani.

Ninachokuandikia ni habari ya mtoto. Baada ya maziko wazee walikaa, ami mkubwa wa mume wangu akasema, "Aliye mbali asiambiwe. Amalize masomo yake, arudi, tumwambie sisi." Nikasema nimemwapia. Akanijibu kwa upole, si kwa ukali, na upole wake ndio ulionifunga mdomo. "Mke wa mwanangu, kwa nini baba zetu walificha? Si kwa ukatili. Kifo hakiambiwi mtu aliye peke yake. Mtu hupewa habari hii akiwa amezungukwa, wa kumshika kulia wapo, wa kumshika kushoto wapo. Huko nani atamshika?"

Basi simu yako ikipata barua yake, niletee mimi. Na chochote akikuuliza, wewe hujui.

Kuna jingine linalonichoma. Shangazi wa mume wangu alininong'oneza jikoni, "Sasa mtoto atarudi kwako. Bibi ametangulia, arudi akuite mama." Mungu anisamehe, Zuura. Siku ya msiba, na moyo wangu ukaruka kama mtoto aliyepewa sukari.

Burul


Kijijini, 27 Juni

Burul dada yangu,

Nitanyamaza kwa sababu umeniomba na wazee wamesema. Mungu ampe marehemu kaburi pana.

Lakini mimi nilikuwepo jikoni siku ile ulipoweka mkono juu ya mkate. Ami Tologon aliyewasemea wazee hakuwepo.

Zuura


Malishoni, 30 Juni

Kishungi wetu,

Salamu toka kwetu sote. Huku mvua imenyesha na majani yamesimama vizuri. Kumisi ya mwaka huu ni kali, Ermek amekunywa bakuli mbili akasahau kopo moja la maziwa ya watu.

Kikohozi ulichokiogopa, Mama hakohoi tena. Tangu wiki iliyopita hatujakisikia. Halalamikii chochote. Ermek alipanda na simu yake kama ulivyotaka, lakini alichelewa, akamkuta amelala, hakutaka kumsumbua. Utaniwia radhi kwa hilo.

Tulipata wageni wengi siku zile, hata ndugu wa Kochkor walikuja. Mimi nilipika mpaka mikono ikavimba. Mwalimu Zuura alinisaidia. Kaka yako anakusalimu, amekonda kidogo kwa kazi ya majani.

Yule ndama mweusi mkorofi amekata kamba yake tena, safari hii kwa meno. Tumemfunga na ile nyekundu, imemtuliza. Angalau anajua sasa kwamba kuna kitu kigumu kuliko kichwa chake.

Wewe soma. Usifikirie nyumbani kila saa. Bibi Onodera mchane vizuri, ni thawabu, hata kama si mtu wa dini yetu.

Wifi yako,
Burul


Japani, 5 Julai

Wifi,

Barua yako ilipofika nilikimbia ukumbini nikimwambia kila mtu kwamba mama yangu hakohoi tena. Bi Tachikawa alinipigia makofi. Nurzat aliruka. Nilikuwa na furaha siku nzima.

Kisha Bibi Onodera akafariki.

Nataka nikueleze walivyofanya, maana sijawahi kuona. Kwanza Bi Tachikawa alikwenda kwenye simu akampigia mwanawe anayeishi nchi nyingine. Akamwambia palepale, kwa sauti ya chini, akakaa kwenye simu muda mrefu, akimsikiliza yule mwanamume akilia. Halafu tulimwosha. Nilimchana mimi. Nilidhani watamtoa kwa mlango wa nyuma wenzake wasione, wasije wakaingiwa na hofu. Hapana. Walifungua mlango mkubwa wa mbele, ule ule alioingilia. Wazee wote wakaletwa, wa viti vya magurudumu na wa mikongojo, wakajipanga kila upande, wakainamisha vichwa alipopita. Mmoja, ambaye hajui hata jina lake mwenyewe, alipunga mkono. Nikamwuliza Bi Tachikawa, je hawaogopi? Akasema, "Wanaogopa zaidi wakimtafuta kesho mezani wasimwone, na kila mtu anawaambia amelala."

Wifi, nilirudi chumbani nikaisoma barua yako upya. Nikaisoma kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia.

Mama hakohoi. Mama halalamiki. Mama amelala. Lakini safari hii Mama hajasema kitu. Barua nzima, hajatukana mtu hata mmoja. Hata Ermek aliyesahau maziwa.

Na kamba nyekundu amefungwa nayo ndama.

Farasi wa paji jeupe amefungwa na nini?

Nimejaribu kujijibu mwenyewe. Kwamba labda mmempa kamba mpya. Kwamba labda Mama amelegea siku hizi, hajali tena. Nimemweleza Nurzat yote hayo, naye akatazama pembeni. Sikulazimishi. Naandika kwa sababu wewe hukuwahi kunidanganya maishani mwangu, na hata katika barua hii nadhani hujanidanganya, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Kanyshai


Malishoni, 9 Julai

Bismillahi.

Kishungi, kabla ya mstari wa pili, simama. Nurzat yuko nawe? Barua hii nimeiteremsha mwenyewe kwa farasi hadi kwa Zuura, naye amempigia Nurzat kwanza, na Nurzat amemwambia Bi Tachikawa. Nimewaomba wasikupe simu mpaka wakae mmoja kulia kwako na mwingine kushoto. Kama hawapo, funga, uwaite. Kama wapo, waegemee.

Mama yako amemrudia Mungu tarehe ishirini na tano Juni, saa ya kukamua mchana. Innalillahi wainna ilaihi rajiun.

Hakuteseka. Asubuhi alikunywa kumisi, akaomba atolewe nje. Kaka yako alimbeba kama mtoto akamweka kwenye blanketi penye jua. Nilikuwa nakamua karibu, namsikia. Alikuwa anamsema farasi, eti anakula upande mmoja wa majani tu kama tajiri. Kisha akaniita. Nikaja na ndoo mkononi. Akasema, "Kile kitoto changu hakijarudi?" Nikasema bado, Mama, wiki chache. Akasema, "Kitachelewa. Mwambie asikimbie akaanguka." Akafumba macho. Nikadhani amesinzia, nikarudi kwenye kazi yangu. Nilipomaliza farasi yule nikamrudia Mama, shahada nikamsomea mimi sikioni, lakini sijui kama alikuwa bado anasikia.

Tulimzika kijijini kesho yake karibu na Baba. Farasi wa paji jeupe alitosha watu wote. Hakuna aliyesema alikuwa mchoyo. Kamba nilirudi nayo mimi, na ndama alipokata yake sikufikiri, mkono ulishika ile iliyokuwa karibu. Mama angenisema mpaka maghribi. Nimeifungua. Iko juu ya kitanda chako.

Sasa sikiliza kwa nini. Sitajificha nyuma ya ami yenu mkubwa. Alisema kifo hakiambiwi mtu aliye peke yake, na bado naona kuna ukweli ndani yake, ndiyo maana leo nimekuwekea watu wawili. Lakini mimi niliapa juu ya mkate, na aliyeapa ni mimi. Nilikaa nikaandika barua isiyo na uongo hata mmoja. Kila neno lilikuwa kweli. Nilijisifu kwa hilo nikiwa kwenye mswala. Kisha barua yako ya mlango wa mbele ikaja, Ermek akanipa bila kunitazama, na nikajua kwamba Mungu hahesabu maneno tu.

Sasa swali la Bi wako, kama wifi hakulia. Ermek akisoma na asome, nimechoka kuogopa Ermek.

Nililia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na maziwa yalikuwa yananichuruzika mpaka kiunoni. Usiku nilikusikia ukilia upande wa pili wa hema nikauma mto. Ulipoanza kusema, neno la kwanza ulilosema ulimwambia yeye. Lakini nisikilize vizuri. Mama hakukuchukua kwa nguvu. Alikuja akakaa karibu yangu, akanishika mkono, akasema, "Mungu amenipa wana wawili, wazuri. Lakini mwana humzika mtu, binti ndiye humlilia. Siku yangu itakuja, hema litajaa wanawake, na mahali pa binti patakuwa patupu. Nipe huyu." Nilimwelewa. Hata mimi nilikuwa mtoto wa mtu. Nikakuweka mapajani mwake kwa mikono yangu.

Kwa hiyo wewe ulitolewa kwa ajili ya siku moja hiyo, na siku hiyo imekuja nawe hukuwepo. Yeye hakupata alichokiomba, wewe hukupata haki yako, na mimi niliyetoa ndiye niliyeficha.

Hemani, wanawake walipopanga kukaa kuelekea ukutani kwa maombolezo, binti wa shemeji yangu alitaka kukaa pale mbele. Nilimwambia asogee. Wakasema, "Mwenzake hayupo, na ni mjukuu kama huyu." Nikasema pana mwenyewe. Nikaweka mto wako pale, na tulilia nyuma ya mto mtupu mpaka maiti ikatolewa. Watu walinishangaa. Hilo ndilo jambo moja tu ninaloweza kukuambia nililifanya sawa.

Siku ya arobaini tutasimamisha hema tena kijijini, na utakuwa umerudi. Utaingia kama binti. Usiruhusu mtu akuite mjukuu siku hiyo. Na kuna watu watakuambia, nakuonya mapema, watasema, "Sasa mwite Burul mama." Wameshaniambia mimi. Sikuficha furaha yangu mbele ya Mungu, kwako pia siifichi. Lakini nimefikiri nikikamua, nimefikiri nikiswali, na jibu langu ni hapana. Ukiniita mama utakuwa umemvua yeye binti aliyemwomba, naye hawezi tena kujitetea. Niite ulivyoniita siku zote. Wifi ni mtu wa karibu. Wifi ndiye hutoka nje kumpokea binti wa nyumba anapokuja akilia.

Nimemaliza. Sasa walio nawe wakushike.

Wifi yako,
Burul


Japani, 13 Julai

Wifi yangu,

Walinishika. Nurzat kulia, Bi Tachikawa kushoto. Nurzat alisoma kwa sauti, na pale penye neno la Mama kuhusu kuanguka alishindwa, nikamalizia mimi.

Sitakuambia kwamba sikukasirika. Nilikasirika siku mbili. Nilikuona wewe langoni na mimi nakuja na zawadi, naita. Nilimnunulia shali, ya kijivu, unajua asivyopenda rangi za makelele. Kisha nikakumbuka mto. Nimejaribu kuona wanawake wote wale wamekaa, na wewe umewazuia kwa ajili ya mtu aliye ng'ambo ya dunia. Hasira haijaisha yote, Wifi, lakini imekosa pa kukaa.

Alhamisi nilimwambia Nurzat kwamba huko nyumbani mnakaanga maandazi leo ili harufu ya mafuta imfikie, na yeye Mama atazunguka akitafuta upande ambao mimi nipo. Tukakanda unga. Tukakaanga jikoni kwa wazee. Moshi ukajaa, king'ora kikalia nyumba nzima, wazee wakaanza kupiga kelele, na Bi Tachikawa akaja mbio na ndoo ya maji, mbio zake zile za kuku. Akaona maandazi. Akaona nyuso zetu. Akapanda kwenye kiti akazima king'ora, akafungua dirisha, kisha akauliza, "Inatakiwa ielekee upande gani?" Nikamwonyesha magharibi. Akachukua ubao wa kukatia mboga akaanza kuupepea ule moshi kuelekea huko. Nikasoma niliyojua kusoma. Mama angesema mengi kuhusu king'ora.

Tunaondoka tarehe ishirini. Mwambie Ami Tologon asitume mtu wa kunilaki mjini kunizunguka kwa methali. Najua ninachokuja kukikuta. Nitashuka kwenye gari pale darajani na nitatembea. Toka pale nitaanza kumlilia, kwa sauti, kama alivyonifundisha tulipokuwa tunachambua sufu na wewe ukajifanya husikii. Alinifundisha maneno yake mwenyewe, ya siku yake, na kila nilipokosea alinipiga kofi la mkono akaniambia, "Hivyo ndivyo utakavyonitia aibu?" Sitakosea.

Wewe utoke nje unipokee. Uwe wa kwanza, kabla ya shangazi wote. Unishike kabla sijafika langoni.

Na ukinishika, unaweza kuniita jina langu. Najua hulitaji. Litaje pale, sikioni, watu wakilia hawatasikia.

Kanyshai, binti wa Mama Sonun